Aliyeokolewa Akaanguka Dirishani: Karamu ya Bagamoyo ya 1889

Bagamoyo ina visa vingi vya historia vinavyochekesha, lakini ni vichache vinavyoshinda kisa cha Emin Pasha. Jioni ya tarehe 4 Desemba 1889, Hermann von Wissmann, kamishna wa serikali ya Ujerumani katika pwani hii, aliandaa karamu kubwa ghorofani. Shampeni ilimiminwa, bendi ya manowari ikapiga muziki, hotuba zikafuatana. Mgeni wa heshima alikuwa Emin, ambaye msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa umehangaika karibu miaka mitatu ili kumwokoa na kumfikisha salama pwani. Macho yake yalikuwa mabovu. Alipotaka kutoka kupunga upepo, alilidhania dirisha kuwa mlango wa roshani, akatumbukia nje na kupasuka fuvu la kichwa. Mtu ambaye vita vya Sudan, maasi ya askari wake na safari ya miezi kadhaa havikumuua, nusura auawe na sherehe ya kuokolewa kwake.

Kisa hiki ni cha kweli, na ni haki kukicheka. Ila anayekicheka na kuishia hapo huondoka na nusu ya habari. Katika meza ile ya Bagamoyo zilikutana operesheni mbili, na zote mbili zilijiita uokozi. Ya kwanza ilikuwa ya kumwokoa Emin. Ya pili ilikuwa ya kutuokoa sisi.

Tuanze na ile ya kwanza. Emin alizaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, katika jimbo la Silesia lililokuwa chini ya Prussia. Alisomea udaktari, akaingia katika utumishi wa dola ya Uturuki, akabadili jina, na mwaka 1878 akawa gavana wa Ikweta, jimbo la kusini kabisa la Sudan ya Wamisri. Wafuasi wa Mahdi walipoiteka Khartoum mwezi Januari 1885, alikatwa na dunia. Barua alizoandika ziliomba zaidi risasi na vifaa. Shauku yake haikuwa kuondolewa jimboni. Lakini Ulaya ilihitaji shujaa wa kuokolewa, na wakubwa wake walikuwa na hesabu zao. William Mackinnon, mfadhili mkuu wa msafara, alitaka njia ya biashara kuelekea maziwa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitaka Stanley apitie Kongo yake. Na ilijulikana kuwa Emin alikuwa na shehena kubwa ya pembe za ndovu.

Ndipo likatokea jambo ambalo mtoto wa shule akiliona katika ramani hucheka bila kuambiwa. Ili kumfikia mtu aliyekuwa kaskazini ya Unyoro, Stanley aliandikisha zaidi ya watu 600 Unguja mwezi Februari 1887, akawapakia melini pamoja na Tippu Tip, akaizunguka Afrika ya Kusini yote hadi mdomo wa mto Kongo, kisha akaanza kurudi mashariki kwa kuukata msitu wa Ituri. Mamia ya watu hao hawakuyaona tena makwao. Walikufa kwa njaa, maradhi, mishale na viboko, na wengine walitoroka.

Mwisho wa Aprili 1888 waokoaji walikutana na muokolewa katika Ziwa Albert. Emin alifika kwa meli yake ya moshi, amevaa nguo safi. Stanley na watu wake walikuwa wamekonda na matambara mwilini, na Emin ndiye aliyewapa chakula na nguo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyepona, na mwenyeji ndiye aliyeugua: habari za kuondoka zilipoenea, askari wa Emin walishuku kuwa wanataka kupelekwa utumwani, wakaasi, na mwezi Agosti wakamfunga gavana wao. Uokozi ukawa umemvunjia Emin kile alichotaka kukilinda. Mwaka uliofuata hakuwa na lingine ila kufuata msafara hadi pwani.

Sasa tuje kwenye uokozi wa pili. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani na ushuru wake. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni waliingia mijini kwa kibri, wakapandisha bendera yao na kudharau mila na dini za watu. Pwani ikalipuka. Pangani iliongozwa na Abushiri bin Salim, na Saadani ilimfuata Bwana Heri. Mwezi Septemba Bagamoyo ilishambuliwa, na watu wengi wakakimbilia katika misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868.

Kampuni iliposhindwa, serikali ya Berlin iliingia. Lakini kuomba fedha za umma kwa ajili ya kuiokoa kampuni ya wafanyabiashara kungekuwa aibu. Kwa hiyo sheria iliyopitishwa mwezi Februari 1889, iliyotoa mark milioni mbili, ilitaja kwanza kukomesha biashara ya watumwa, kisha kulinda maslahi ya Wajerumani. Wissmann alikodi askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na tarehe 8 Mei 1889 akaivunja ngome ya Abushiri nje ya Bagamoyo. Miezi saba baadaye, katika mji huohuo, ndipo shampeni ilipomiminwa.

Tarehe 15 Desemba 1889, siku kumi na moja baada ya Emin kuanguka, Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alishikilia silaha hadi Aprili 1890. Abushiri hakuwa malaika. Alikuwa mwenye shamba la miwa na mwenye watumwa, na miongoni mwa waliopigana walikuwamo watu waliokuwa wakitetea faida zao wenyewe. Lakini hoja ya ukombozi wa watumwa tuipime kwa matokeo yake. Wajerumani walitawala hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta utumwa kisheria. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tangu sheria ile ya mark milioni mbili ni miaka 33. Mtumwa aliyezaliwa siku ya karamu ya Bagamoyo angeweza kuwa na umri wa miaka 32 siku sheria ilipomwita huru.

Na Emin je? Alilazwa Bagamoyo, akapona, akakataa kwenda na Stanley. Mwezi Aprili 1890 aliondoka tena kuelekea bara, safari hii akiwa mtumishi wa Ujerumani, akinuia kuitanulia himaya hadi kwenye maziwa. Alipokuwa bado njiani, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba ulioiacha Uganda mikononi mwa Waingereza. Mwaka huohuo aliweka kituo Bukoba, na mwaka 1892 aliuawa Kongo, mbali na kila aliyewahi kudai kumwokoa.

Kwa nini basi tunalikumbuka dirisha na kuusahau mti wa kunyongea? Kwa sababu karamu ilikuwa na waandishi. Stanley alichapisha vitabu, maofisa waliweka shajara, na magazeti ya Ulaya yalilishana habari za kuanguka kwa Pasha. Wapagazi waliokufa Ituri hawakuandika. Kicheko chetu chenyewe kimerithi orodha ya wageni walioalikwa usiku ule.

Wanafunzi wangu, wanaharakati, na ninyi mnaotumikia umma: neno uokozi halijazeeka. Linakuja leo likiitwa mradi, msaada, uwekezaji au mageuzi. Kisa cha Emin kinatupa maswali ya kuuliza kabla ya kuketi mezani. Anayeokolewa aliomba nini hasa, na anapewa nini? Nani amelipia safari, na anatarajia kurudishiwa nini? Nani anabeba mizigo, na wangapi hawatarudi? Na ahadi iliyotangazwa kwanza, itatimizwa mwaka gani?

Tukimaliza kuuliza hayo, tumcheke Pasha kwa raha zetu. Yeye alikuwa na udhuru wa macho mabovu. Sisi tunaona vizuri, na hatuna sababu ya kulidhania kila dirisha kuwa mlango.