Bibi Harusi wa Karne Thelathini

Mwaka 1840 Mfaransa Théophile Gautier alichapisha hadithi ya kijana wa Paris aliyeingia duka la vitu vya kale kutafuta kitu cha kugandamizia karatasi zake mezani. Akatoka na unyayo wa maiti ya Misri, mdogo, mkavu, wa binti mfalme aitwaye Hermonthis. Usiku mwenye mali akaja kuufuata, akirukaruka kwa mguu mmoja. Kijana akamrudishia bila kudai hata senti, na binti kwa furaha akamchukua hadi Misri kumwonyesha kwa baba yake. Alipofika huko, kijana akaona asirudi mikono mitupu: akaposa. Farao akamuuliza ana miaka mingapi. Akajibu, 27. Ukumbi mzima ukapiga kelele, maana bibi harusi ana karne 30! Mposaji angefikisha walau miaka elfu mbili, mzee asingekuwa na neno. Lakini binti wa Farao huolewa na mume anayedumu.

Kurasa zile chache zina viungo vyote vya aina hii ya hadithi: mwanamke asiye wa dunia yetu, mwanamume wa kawaida, mapenzi, na kicheko kinachotoka pale mambo ya kuzimu yanapogongana na mambo ya nyumbani, yaani posa, umri na wakwe. Gautier hakuwa wa kwanza. Mwaka 1772 Jacques Cazotte alimvika Ibilisi mwenyewe sura ya msichana, Biondetta, anayemganda kijana wa Kihispania kwa mapenzi. Ila Cazotte anachekesha huku roho iko mkononi. Gautier anacheka tu.

Kwa zaidi ya karne moja iliyofuata, hadithi nyingi za namna hii zinazokumbukwa ziliandikwa na wanaume, na mwanamke wa ajabu akawa mgeni anayevuruga mji wa watu. Ninayempenda kuliko wote ni nguva wa H.G. Wells, katika riwaya yake fupi ya mwaka 1902, The Sea Lady. Nguva huyu anajifanya anazama ufukweni Folkestone, Uingereza, ili familia ya Bunting imwokoe. Wanamwokoa kweli, kisha wanauona mkia. Mama mwenye nyumba hana muda wa kuogopa. Kinachomsumbua ni majirani watasema nini. Basi mkia unafunikwa, mgeni anakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, anapewa jina la heshima, anakaribishwa chai. Huko chini ya bahari alikuwa amesoma riwaya zilizotoka kwenye meli, kwa hiyo adabu za watu wa nchi kavu anazijua vizuri. Shabaha yake ni Chatteris, kijana mwenye mchumba na matumaini ya kuingia bungeni. Mwisho wake Chatteris anaacha vyote, anaingia majini pamoja naye. Wells anachekesha kurasa zote hizo, kisha anakuacha umeduwaa.

Marekani ikaleta pombe na makelele. Thorne Smith, katika Topper ya mwaka 1926, alimleta Marion Kerby, mzimu wa kike anayemtoa mfanyakazi wa benki kwenye ndoa yake iliyopoa. Smith alifariki mwaka 1934 akiacha mswada kuhusu mchawi. Norman Matson akaumalizia, ukatoka mwaka 1941 kwa jina la The Passionate Witch. Mwaka uliofuata René Clair akaufanya filamu, Veronica Lake akicheza mchawi anayechanganya dawa ya mapenzi kisha, kwa bahati mbaya, anainywa mwenyewe.

Ndipo likaja sharti ambalo mimi halinichekeshi. Katika tamthilia ya John Van Druten ya mwaka 1950, Bell, Book and Candle, mchawi akipenda kweli anapoteza nguvu zake. Katika mfululizo wa televisheni wa Bewitched, ulioanza mwaka 1964 na kufikisha vipindi 254, Samantha anaolewa na mtu wa matangazo ya biashara, naye mume anamtaka aache uchawi, apike na kufagia kama wake wengine. Watazamaji walicheka kwa sababu kila wiki alishindwa kujizuia. Lakini gharama ya kupendwa ilikuwa hiyohiyo: ujifanye huwezi.

Wanawake waliposhika kalamu kwa wingi, mwanzoni mwa karne hii, sharti hilo lilianza kupuuzwa. Mwaka 2001 Charlaine Harris alimleta Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa Louisiana anayesikia mawazo ya watu, na anayesimulia mambo yake mwenyewe. MaryJanice Davidson akafuata na Betsy Taylor katika Undead and Unwed, iliyochapishwa na Berkley mwaka 2004: Betsy anagongwa na gari, anazinduka nyumba ya kuhifadhia maiti akiwa mnyonya damu, na jambo la kwanza linalomuuma ni kwamba amevalishwa viatu vya bei rahisi. Mwaka 2006 Davidson akatoa nguva wake, Fred, mwenye nywele za buluu na hasira za karibu, mtafiti katika jumba la samaki la Boston. Huyu hafunikwi mkia na mtu. Wachapishaji nao walikusanya riwaya fupi tatu au nne za waandishi mbalimbali katika kitabu kimoja cha bei nafuu, na ufupi huo uliufaa sana utani.

Nyingine kati ya hizi ni nyepesi mno, na wivu wa mwanamume mnyonya damu huchosha upesi. Hata hivyo, anayecheka sasa ni mwanamke mwenyewe, na nguvu zake anabaki nazo.

Lakini hadithi za jini mahaba nilizozisikia mimi pwani zilisimuliwa na mwanamume aliyetokewa, akitetemeka. Mwandishi atakayemwachia jini mwenyewe asimulie, aeleze jinsi alivyochoshwa na ubani na kukoroma kwa yule bwana, aandike upesi, wasomaji tupo.