Bunduki ya Mpira na Bunduki ya Upepo

Katika sanduku la mbao lililo chini ya kitanda changu mna bunduki ya kuvulia samaki iliyotengenezwa Italia. Haifanyi kazi tena. Bomba lake limeliwa na chumvi, na upepo uliokuwa ndani ulikwisha toka wenyewe siku nyingi. Wajukuu wangu huiomba waitazame, na mmoja wao aliniuliza juzi kwa nini niliichagua hii nikaiacha ile ya mti na mpira, ambayo amesikia sifa zake. Nilimjibu kwa ufupi kwamba nilikuwa kijana. Jibu refu ndilo hili.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiwapeleka wageni wa hoteli mwambani kwa ngalawa, huku kusini mwa Mombasa. Mgeni mmoja Mtaliana, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia bunduki yake ya upepo pamoja na pampu yake. Nyumbani nilikuwa na bunduki nyingine, aliyonichongea mjomba wangu. Mdogo wangu hakuwa na hata moja. Mjomba alituita barazani akasema, "Mtu mmoja haingii majini na bunduki mbili. Chagua moja, nyingine mpe mwenzio." Akanipa muda hadi kusi iishe.

Msomaji ambaye hajaingia majini huenda akadhani kwamba bunduki ni bunduki. Sivyo. Ile ya mjomba ilikuwa na kitako cha mbambakofi, urefu wake kama hatua moja ya mtu mzima, na juu yake mfereji mwembamba wa kulalia chuma. Chuma chenyewe kilikuwa nondo ya milimita sita iliyonolewa ncha. Nguvu yake ilitoka kwenye vipande viwili vya tyubu ya gurudumu la lori. Unaegemeza kitako tumboni, unavuta mpira kwa mikono miwili mpaka ukamate pengo la chuma, kisha unangoja. Kwa kweli ni manati ndefu. Ukifyatua haina kelele, na kwa sababu jicho linafuata chuma chote, hulengi kwa kubahatisha. Ubaya wake ni kwamba mpira huchoka. Jua huukausha, ukakatika siku usiyoitaka. Tena nguvu yake si nyingi: samaki akiwa mbali kupita urefu wa mtu mmoja na nusu, chuma humfikia kimelegea.

Ile ya Mtaliana ilikuwa fupi, nyeusi, nzito mkononi. Ndani ya bomba mlikuwa na upepo ulioshindiliwa kwa pampu, na unapousukuma mkuki kuingia mdomoni mwake unaushindilia upepo ule zaidi, mpaka kitu ndani kinalia "tak" na kushika. Mjomba alisadiki kwamba upepo ule ungeisha baada ya risasi chache. Nilijaribu kumweleza kwamba hautoki, kwamba unasukuma mkuki kisha unabaki mle mle, ukingoja kushindiliwa tena. Hakukubali. "Kila kinachopumua huchoka," aliniambia. Lakini aliipiga mara moja kwenye kisiki cha mkoko kilichozama, na ilituchukua nusu saa kuung'oa mkuki.

Miaka mingi baadaye, nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma, nilijua kwamba ubishi wetu ule wa barazani ulikuwa umekwisha bishaniwa na wengine, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mmarekani mmoja, Guy Gilpatric, aliyekuwa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alichukua miwani yake ya urubani, akaziba nyufa kwa ile lami ya kushikizia vioo vya madirisha, akaingia nayo baharini. Silaha yake ilikuwa mkuki wa mkono tu. Mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya mchezo huo, The Compleat Goggler. Mwaka mmoja kabla, kijana wa Vienna aitwaye Hans Hass alikutana naye huko akauiga, na baadaye Hass huyo akawa maarufu kwa picha zake za chini ya bahari.

Mkuki wa mkono unamtaka mvuvi amkaribie samaki hadi karibu amguse. Samaki wa Ufaransa, ambao kabla ya hapo hawakuwa wamemwona binadamu akizamia, walimwacha akaribie. Baada ya muda mfupi waliacha. Jacques Cousteau, aliyekuwa akivua huko miaka hiyo pamoja na Frédéric Dumas, ameeleza katika kitabu chake cha 1953 jinsi samaki walivyojifunza kukaa mbali kidogo kupita pale silaha inapofika, na jinsi maji ya karibu na pwani yalivyopungukiwa na samaki wakubwa. Basi watu wakatafuta silaha ifikayo mbali. Katika miaka ya 1930 Mrusi aliyehamia Ufaransa, Kramarenko, alitengeneza bunduki ya springi. Springi ina nguvu, lakini huliwa na kutu, na hutoa mlio samaki akashtuka. Mwaka 1947 Georges Beuchat wa Marseille akaleta bunduki ya mpira aliyoiita Tarzan. Waitaliano, miongoni mwao kampuni ya Mares ya Rapallo iliyoanzishwa 1949, wakaja kupata sifa kwa bunduki za upepo.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Ile ya mjomba, ambayo mimi kijana niliiona ni ya kizamani, ilikuwa ndugu wa Tarzan. Wazungu walikuwa wameiacha springi wakaja kwenye mpira, na hata leo wazamiaji wengi wa huko wanaokwenda maji mapana huchagua mpira, kwa sababu uko kimya na unalenga sawasawa. Upepo husifiwa zaidi mashimoni na kwenye maji machafu, mahali bunduki ndefu haigeuki.

Mwaka 1976 sikuyajua hayo. Nilichagua upepo. Sababu niliyowapa watu ni kwamba una nguvu, nayo ilikuwa kweli. Sababu nyingine ni kwamba pwani nzima hakuna kijana mwenzangu aliyekuwa nayo. Mjomba aliitikia kwa kichwa, akampa mdogo wangu ile ya mti, kisha akasema maneno ambayo wakati ule niliyachukua kuwa ni wivu: "Hii nikiipoteza leo, kesho nachonga nyingine. Hiyo yako ukiipoteza, utampata wapi Mtaliana wako?"

Kaskazi ilipoingia na maji kuwa meupe, nilianza kushuka mahali ambapo sikuwa nikishuka zamani. Silaha ikiwa fupi ya nguvu, unashuka ulipo uwezo wako. Silaha ikiwa na nguvu kukupita, unashuka ulipo uwezo wake. Nilikuwa nikileta chewa na kolekole wakubwa, na wenye hoteli walinunua bila kubishana. Asubuhi moja ya maji mafu nilimpiga chewa kwenye pima sita, mbele ya pango lake. Aliingia ndani na mkuki, akatanua mapezi, akakwama humo. Kamba ilitoka kwenye mkuki ikaja kwenye bunduki, na bunduki ilikuwa mkononi mwangu.

Kila mzamiaji anajua la kufanya hapo. Unaachia, unapanda, unapumua, unarudi. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nikiona bunduki ile ikivutwa pangoni, ikigongwagongwa kwenye jiwe mpaka ipasuke, na jibu la swali la mjomba sikuwa nalo. Nikavuta. Nikavuta tena. Nilipoanza kupanda nilijiona mzima kabisa, sina hata kiu ya pumzi. Sasa najua ni kwa nini. Kwenye pima sita maji yanamkandamiza mtu kiasi cha mara mbili ya huku juu, na hewa kidogo iliyobaki mapafuni inatosha kwa sababu imekandamizwa. Anapopanda mkandamizo unapungua, na hewa ile ile haitoshi tena. Mtu huzimika akiwa karibu na uso wa maji, mara nyingi bila onyo lolote. Wengi wamekufa hivyo, tena wazamiaji hodari kuliko mimi.

Sikumbuki kufika juu. Mjomba ndiye aliyekata kamba kwa kisu akanivuta kwa shingo mpaka kwenye ngalawa. Waliniambia kwamba iliwabidi wanikunjue vidole kimoja kimoja kuitoa bunduki mkononi mwangu. Mkuki na chewa vilibaki huko.

Hakunigombeza. Baada ya siku tisa alikuja na bunduki nyingine ya mti, mpya, bado inanuka mafuta ya nazi, akaiegemeza mlangoni akaenda zake. Hiyo ndiyo niliyovulia mpaka nilipoacha kuzamia. Ya Mtaliana niliitia sandukuni.

Siandiki haya kuisafisha bunduki ya mpira. Nayo ilikuwa na makosa yake. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji chombo wala mtaji, na kwa hiyo kila kijana asiye na mtumbwi aliweza kuwa nayo. Walipoisha chewa na changu, vijana walipiga vikande, samaki ambao zamani hatukuwajali. Kikande ndiye mla urumba, na alipopungua yeye, urumba walijaa mwambani wakawa wanayatafuna matumbawe. Kisha likaja joto la bahari la 1998, likaua matumbawe mengi ya pwani hii, na hilo halikuwa na bunduki mkononi.

Malindi na Watamu hifadhi za bahari zilianzishwa 1968. Huku kwetu tuliachiwa mpaka 2001, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku bunduki za kuvulia na juya za kukokota. Nadhani ilikuwa haki kwa mwamba. Kwa watu sina uhakika huo. Ufaransa na Italia, ambako bunduki hizi zilibuniwa kwa mchezo, mtu azamiaye kwa pumzi yake bado anaruhusiwa kuwinda nayo kwa masharti. Huku kwetu, aliyeishi kwayo ndiye aliyeitwa mhalifu, na wapo wanaoingia nayo alfajiri hadi leo.

Ya mdogo wangu, ile ya mbambakofi aliyopewa barazani, ilichukuliwa bandarini ikachomwa pamoja na nyingine kadhaa. Alisimama pale mpaka moto ukazima. Kisha akafukua jivu kwa kijiti, akaitoa nondo yake, akaiosha kwa maji ya chumvi. Bamvua iliyofuata nilimwona mwambani maji yakiwa yametoka, anachokoa mashimo kwa nondo hiyo hiyo, anatafuta pweza.