Jina Lisilotafsiriwa: Maonyesho ya Wachoraji Dhidi ya Apartheid, 1983–1996

Utangulizi

Nia ya makala haya ni kuchunguza historia ya maonyesho ya sanaa yaliyofunguliwa mjini Paris mwezi wa Novemba 1983, ambayo yaliwakutanisha wasanii 85 wa mataifa mengi chini ya maudhui mamoja, yaani kuupinga utawala wa apartheid wa Afrika ya Kusini. Huenda msomaji akauliza: maonyesho ya picha yana uhusiano gani na uchunguzi wa lugha? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Maonyesho hayo yalizua mjadala mkali juu ya neno moja, nalo ni lile lililoandikwa katika anwani yake. Mjadala wenyewe uligusa suala ambalo kila mtaalamu wa lugha hulikabili: je, jina la uovu litafsiriwe, au liachwe katika lugha ya wale waliolitunga? Katika mjadala huo Kiswahili hakikuitwa kutoa ushahidi. Tunakusudia kuonyesha kwamba kilikuwa nao, na kwamba ushahidi huo una manufaa kwetu sisi wenyewe tunapoandika juu ya historia ile.

Chanzo cha maonyesho

Wazo la maonyesho haya lilikuzwa na wachoraji wawili, Ernest Pignon-Ernest wa Ufaransa na Antonio Saura wa Uhispania. Pignon-Ernest alikuwa amekwisha kuligusa jambo hili mapema. Mwaka 1974 mji wake wa kuzaliwa, Nice, ulifanya udugu wa miji na Cape Town. Yeye aliitikia kwa kubandika katika kuta za mji huo mamia ya picha za familia moja ya Waafrika iliyosimama nyuma ya waya wa miiba. Wageni walioalikwa kusherehekea udugu wakawa wanapita mbele ya watu ambao udugu huo uliwasahau.

Miaka michache baadaye iliundwa kamati ya wasanii wa dunia dhidi ya apartheid, nayo ikafanya kazi kwa kushirikiana na Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia jambo hilo. Kila msanii aliyeombwa alitoa kazi yake bure. Kazi hizo hazikukusudiwa kuuzwa wala kurudishwa kwa wenyewe. Zilikuwa msingi wa jumba la makumbusho ambalo halikuwa na mahali. Mkusanyo ungezunguka duniani, na siku ambayo Afrika ya Kusini ingepata serikali ya kwanza iliyochaguliwa na watu wote, ungekabidhiwa serikali hiyo uwe zawadi. Hadi siku hiyo kamati ingekuwa mdhamini tu.

Sharti hili lilikuwa na mfano wake. Picha ya Guernica, aliyoichora Picasso mwaka 1937, ilikaa New York kwa miongo kadhaa kwa sababu mchoraji wake hakutaka irudi Uhispania kabla uhuru wa raia haujarudi. Iliwasili Madrid mwaka 1981, miaka miwili tu kabla ya maonyesho ya Paris. Lakini ipo tofauti ambayo yafaa ieleweke. Guernica ilingoja nchi irudishiwe kile ilichokuwa nacho zamani. Mkusanyo wa Paris uliahidiwa serikali ambayo haijapata kuwako. Aidha, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limewataka wasanii wa dunia, tangu Desemba 1980, waisusie Afrika ya Kusini. Kwa hiyo kazi hizi zingeweza kwenda kokote isipokuwa kule zilikokuwa zikielekea.

Picha na neno

Miongoni mwa waliochangia walikuwamo Robert Rauschenberg, Roy Lichtenstein na Sol LeWitt wa Marekani, na Antoni Tàpies wa Uhispania. Hawa hawakuwa na mtindo mmoja, wala hawakuombwa wawe nao. LeWitt, mathalan, alijulikana kwa mistari na maumbo ya hesabu. Tàpies kwa kuta zilizokwaruzwa na alama zisizosomeka. Mtu aliyetarajia kuona picha za polisi, mbwa na vitambulisho hakuziona kwa wingi aliodhani. Kazi nyingi hazikusimulia Afrika ya Kusini hata kidogo. Kilichozifunga pamoja hakikuwa umbo, wala rangi, wala kisa. Kilikuwa ni lile neno lililokuwa mlangoni.

Hali ilikuwa tofauti kwa Gavin Jantjes, mzaliwa wa Cape Town mwaka 1948, ambaye aliondoka nchini mwake mwaka 1970 kwenda kusoma Hamburg. Yeye aliijua sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, kwani ilimhesabu miongoni mwa machotara. Mwaka 1974 na 1975 alitengeneza chapa 11 alizoziita kitabu cha Afrika ya Kusini cha kupaka rangi, akiiga vitabu wanavyopewa watoto wajaze rangi mahali palipoachwa wazi. Kichekesho hicho ni kichungu. Mtoto huambiwa apake, naye karani wa serikali huambiwa aainishe, na wote wawili hushika kalamu juu ya umbo la mtu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kichekesho hicho huingia bila kuelezwa. Rangi ni kitu cha mchoraji na ni kitu cha ngozi, kwa neno moja. Tukisema kwamba watu wa rangi walikutana Paris kupinga ubaguzi wa rangi, tumesema mambo mawili kwa pamoja, na lugha imetusaidia kuona kuwa wale waliofanya rangi kuwa sheria walipingwa na wale walioifanya kuwa kazi.

Hoja ya Derrida na majibu yake

Kitabu cha maonyesho kilikuwa na makala ya mwanafalsafa Jacques Derrida, mzaliwa wa Algeria, ambayo anwani yake yaweza kuelezwa kuwa ni neno la mwisho la ubaguzi. Hoja yake ya msingi ilikuwa ya kiisimu. Aliona kwamba neno apartheid halijatafsiriwa, kana kwamba lugha zote za dunia zimekataa kulipokea nyumbani. Kulitafsiri kungekuwa kulipa makazi. Kuliacha ni kulitenga lenyewe, lisimame peke yake kama shahidi, hadi siku litakapobaki kuwa jina la kitu kilichokwisha.

Makala hayo yalifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1985. Mwaka uliofuata yalijibiwa na Anne McClintock na Rob Nixon, wataalamu wawili waliokulia kusini mwa Afrika. Wao walidai kwamba kulitazama neno peke yake ni kulitoa katika historia yake. Walikumbusha kuwa chama cha Malan kilishinda uchaguzi wa 1948 kwa neno hilo, lakini watawala wenyewe wakaja kulikwepa lilipoanza kunuka. Wakazungumza juu ya maendeleo ya kila kundi peke yake, kisha juu ya mataifa mengi, kisha juu ya demokrasia. Majina yalibadilika, sheria zikabaki. Derrida naye alijibu mwaka huo huo, kwa ukali, kwamba hakuwa amepuuza historia, bali alitaka neno lile lisisahauliwe na wale waliokuwa wakijaribu kulizika lingali hai.

Pande zote mbili zina haki. Lakini zote mbili zilikubali bila kuuliza kwamba neno halikutafsiriwa. Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia.

Ushahidi wa Kiswahili

Neno apartheid ni la Kiafrikana. Limejengwa kwa shina lenye maana ya kando au mbali, pamoja na kiambishi tamati -heid, ambacho hufanya kazi inayofanana na ile ya kiambishi u- katika maneno yetu utu, udugu na ujirani. Kwa kufuata umbo lake tu, mfasiri angesema utengano. Lakini shina la utengano ni tengana, kauli ya kutendana. Waliotengana wamefanya jambo hilo pamoja, kila mmoja kwa mwenziwe, kama mume na mke walioachana kwa ridhaa. Basi utengano ungekuwa tafsiri sahihi ya umbo na uongo mtupu wa maana. Ungesema kile hasa ambacho watawala wa Pretoria walitaka kisadikiwe, kwamba kila kabila lilikwenda njia yake kwa hiari.

Wasemaji wa Kiswahili hawakulichagua neno hilo. Walisema ubaguzi wa rangi. Kubagua ni kitendo cha mmoja juu ya mwingine. Ubaguzi hutoka kwa mbaguzi, na mbaguzi ana jina na anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba lugha zote zilikataa kutafsiri. Kiswahili kilitafsiri, na katika kutafsiri kilihukumu. Kilichoachwa nje ni ule unafiki wa kiambishi -heid, unaofanya kitendo cha watu kionekane kuwa hali ya maumbile.

Hata hivyo tafsiri hiyo ina upungufu. Ubaguzi wa rangi ni neno pana mno. Ulikuwapo katika hoteli za Nairobi kabla ya uhuru, ulikuwapo katika mabasi ya Alabama, na upo mahali pengi hadi leo. Apartheid ilikuwa na mwaka wa kuanza na sheria zenye nambari: ya kuandikisha watu, ya maeneo ya kuishi, ya elimu, ya vitambulisho. Ukiiita ubaguzi wa rangi na kuishia hapo, huwezi kusema ilianza lini wala ilikwisha lini, kwa maana ubaguzi haukuisha.

Njia ya tatu ilikuwa kusema ukaburu. Jina makaburu lilivuma sana Afrika ya Mashariki, hasa Tanzania, ambako Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake tangu 1963. Kaburu alikuwa kwanza Mzungu wa Afrika ya Kusini mwenye asili ya Kiholanzi. Baadaye likawa jina la mtu yeyote mbaguzi. Nguvu ya neno hili haina shaka. Lakini linaweka kosa katika nasaba. Breyten Breytenbach alikuwa mshairi na mchoraji, naye alitunga kwa Kiafrikana, lugha ya mama yake. Alifungwa na serikali hiyo hiyo kwa miaka saba hadi 1982 kwa kuipinga. Kumhesabu miongoni mwa makaburu kwa kuzaliwa kwake ni kutumia kipimo kile kile alichofungwa kwa kukikataa.

Onyo kwa wataalamu wa lugha

Lipo neno jingine linalotuhusu zaidi, nalo halikutoka kwa wanasiasa. Mwanaisimu Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town katika karne ya 19, ndiye aliyelieneza jina Bantu kuwa jina la jamii ya lugha. Alilichukua kutokana na neno lenye maana ya watu, ndugu wa watu wetu. Serikali ya apartheid ikalichukua kutoka vitabuni na kulifanya jina la aina ya binadamu. Sheria ya Elimu ya Kibantu ilipitishwa mwaka 1953, na idara iliyowatawala Waafrika ikabeba jina hilo tangu 1958 hadi 1978, ilipobadilishwa baada ya machafuko ya Soweto. Neno lililomaanisha watu lilitumiwa kuwaambia watu kwamba wao ni pungufu ya watu. Ndiyo maana wako wataalamu wa Afrika ya Kusini wanaopendelea kusema Sintu wanapotaja jamii hii ya lugha. Sisi huku tunaendelea kusema lugha za Kibantu bila kinyongo, na tunayo haki, kwa sababu kwetu jina halikuwahi kuandikwa katika kitambulisho. Ila mwalimu anayelifundisha bila kuitaja safari yake amefundisha nusu ya somo.

Mkusanyo wafika kwake

Maonyesho yalizunguka kwa zaidi ya miaka kumi. Safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya Japani, ambako kati ya 1988 na 1990 yalifika mahali 194, pakiwamo miji midogo isiyozoea maonyesho ya namna hiyo. Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi ilifutwa mwaka 1991. Uchaguzi wa watu wote ulifanyika mwezi wa Aprili 1994. Mwaka 1996 ahadi ya Paris ilitimizwa: kazi zilitundikwa katika Bunge la Cape Town, na ili zipate nafasi picha za zama za utawala uliopita ziliondolewa ukutani. Baadaye mkusanyo uliwekwa chini ya uangalizi wa hifadhi ya Mayibuye katika Chuo Kikuu cha Western Cape, chuo ambacho kilianzishwa na utawala wenyewe wa apartheid kwa ajili ya wale uliowaita machotara.

Hitimisho

Tumeona kwamba wachoraji 85 walilitundika neno moja mlangoni na kungoja siku ambayo lingekuwa la kale. Siku hiyo ilifika, na sasa kazi imebaki kwa waandishi. Maoni yetu ni kwamba Kiswahili kinahitaji maneno yote mawili. Tuseme ubaguzi wa rangi tunapotaja kitendo, kwa sababu neno hilo linamtaja mtendaji na kwa sababu kitendo hakijakoma. Tuseme apartheid tunapotaja utaratibu ule wa sheria wa 1948 hadi 1994, na tuliache na ugeni wake, herufi kwa herufi, ili mwanafunzi alipokutapo aulize limetoka wapi. Kamusi zetu zilieleze pamoja na miaka yake. Likifafanuliwa kwa visawe tu, atakayezaliwa kesho atadhani kuwa lilikuwa jina jingine la desturi mbaya, wala hatajua kwamba lilikuwa serikali.