Mshahara na kazi ya kujitegemea: nani hulipa kodi zaidi?

Naandika kutoka Asumbi, kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rongo. Hapa ni mji wa chuo cha walimu na shule, na wapo wenye mshahara ambao jioni hufundisha au hutafsiri kupitia intaneti. Wanaloniuliza ndilo waniulizalo ndugu zangu wa Mombasa na Lamu: anayejitegemea si hulipa 5% tu?

La. Ile 5% anayokata mteja wa Kenya, malipo ya mwezi yakifika 24,000, ni malipo ya awali. Hesabu kamili huja kwenye ritani ya KRA, na viwango ni vile vile vya mwajiriwa. Tangu Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa 10%, 8,333 zinazofuata 25%, na zaidi ya hapo 30% hadi laki tano. Kisha kila mkaazi hupunguziwa 2,400 kwa mwezi.

Tuchukue watu wawili, kila mmoja apata 50,000 kwa mwezi. Tuiache kando kwanza michango ya afya, nyumba na NSSF. Mwajiriwa hukatwa PAYE ambayo kwa mwaka ni kama 88,600. Anayejitegemea, ikiwa hana risiti hata moja, naye adaiwa 88,600. Wateja wameshamkatia 30,000, kwa hivyo 58,600 zinamngoja, na huenda pesa zenyewe zimeshaliwa.

Tofauti iko kwenye gharama. Mwajiriwa hawezi kuondoa nauli wala intaneti yake. Anayejitegemea aweza kuondoa gharama za kazi. Akiwa na za 150,000 kwa mwaka, kodi yashuka hadi 43,600. Lakini tangu Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, na muuzaji wa kibandani mara nyingi hana. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotezea pesa. Kompyuta nayo haiondolewi yote kwa mpigo. Huenda kwa 25% kila mwaka.

Ile kodi ya 3% ya mauzo, ya biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, haihusu ada za kitaalamu wala za mafunzo.

Kwenye michango mwajiriwa ana nafuu. Hukatwa 1.5% ya nyumba na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. NSSF vile vile. Bima ya afya ni 2.75% ya mshahara. Anayejitegemea hulipa ya nyumba mwenyewe, na ya afya hukadiriwa kwa kipato cha nyumba yake, si chini ya 300 kwa mwezi, akitakiwa kulipa ya mwaka mzima.

Wanaoumia zaidi ni wale wa mshahara wenye kazi ya kando. Mwenye 50,000 akipata 30,000 za tafsiri, hizo hupandishwa juu ya mshahara na kutozwa 30%, yaani 9,000. Mteja alikata 1,500. Zimebaki 7,500 kila mwezi. Mteja wa ng'ambo asiyekata chochote humwachia deni lote. Kodi ya mwaka isiyokatwa ikitarajiwa kufika 40,000, hulipwa kwa awamu tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ni kabla ya Juni 30 kuisha. Ukichelewa, faini ni 2,000 au 5% ya kodi, iliyo kubwa.