Macho Mekundu Yasiyo Mekundu: Konjunktivitisi ya Kobe Wachanga

Kobe wa Hermann, anayefugwa sana majumbani Uingereza, Ujerumani na Italia, akitoka kwenye yai huwa na uzito wa gramu 12 hivi na anaenea kwenye kijiko cha supu. Mnyama wa kiasi hicho akiamka asubuhi jicho moja halifunguki, mwenye kumfuga hachelewi kuingiwa na hofu, na hofu yake ina msingi. Kobe hutegemea sana macho kupata chakula. Asiyeona hali, na asiyekula akiwa na gramu 12 hana akiba ya kumvusha wiki nyingi. Daktari wa mifugo atamgeuza, atamtazama kope na pua, kisha ataandika kwenye kadi neno moja refu: konjunktivitisi.

Konjunktiva ni utando mwembamba unaofunika upande wa ndani wa kope na kugeukia juu ya weupe wa jicho. Kilatini kimeupa jina la kuunganisha kwa sababu ndio unaoshikiza kope na jicho. Kiambishi -itisi kimetoka Kigiriki, na madaktari hukipachika mwishoni mwa jina la kiungo ili kusema kwamba sehemu hiyo imechokozwa na mwili umejibu. Aliyechokoza hatajwi. Awe bakteria, virusi, vumbi, moshi, mwanga mkali au ukosefu wa vitamini, wote huishia kwenye -itisi ile ile. Wanaolisikia neno hilo kliniki hudhani wameambiwa ugonjwa, kumbe wameambiwa mahali tu panapouma.

Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Kila -itisi imetafutiwa jina kivyake, na majina hayo yana tabia ya kusema zaidi ya yanavyotakiwa.

Aulus Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliacha orodha ambayo wanafunzi wa udaktari hukaririshwa mpaka leo: dalili za mwili uliochokozwa ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Waswahili, bila kumwomba ruhusa, wamezigawana zote nne katika kuyapa magonjwa majina. Wekundu umetupa macho mekundu, jina ambalo kila mtu wa Dar es Salaam alikuwa nalo mdomoni mwanzoni mwa 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wake. Joto limetupa homa: homa ya ini kwa hepatitisi, homa ya uti wa mgongo kwa meninjitisi. Uvimbe umekwenda kwa waandishi wa vitabu vya tiba. Maumivu yamebaki mtaani kwa jina la mwasho, na nadhani hapo ndipo mtaa umewashinda wataalamu. Kuwasha ni kufanya kitu kiwake, na neno la Kilatini walilolitumia Warumi kwa hali hii nalo limetoka kwenye mwali wa moto. Watu wawili wasiojuana wamefika kwenye jiko moja.

Majina yote manne yaliundwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Mweke kobe mchanga mezani uone yanavyopwaya.

Anza na macho mekundu. Jicho la kobe ni dogo, limejaa rangi nyeusi au ya kahawia, na weupe tunaouona kwa mtu karibu wote umefichwa. Anayengoja wekundu atangoja sana. Kinachoonekana ni kope. Kwetu sisi kope la juu ndilo hushuka. Kwa kobe kope la chini ndilo kubwa na ndilo hupanda juu kufunika jicho. Likivimba hufanya kifuko chini ya jicho, na lile la juu hukutana nalo katikati, mstari ukawa mwembamba kama uzi. Wakati mwingine kuna ute uliokauka pembeni, wakati mwingine hakuna chochote. Wekundu, ukiwepo, daktari huukuta baada ya kulifungua kope kwa ncha ya pamba iliyolowa.

Jina hilo lina kosa la pili, kubwa kuliko la rangi. Kwa masikio ya Mswahili, macho mekundu ni ugonjwa wa kuambukizana: usishike taulo la mwenzako, nawa mikono, usiende shule. Mfugaji akilisikia atamtenga kobe wake na kukimbilia dawa ya matone ya kuua bakteria, ilhali taa iliyomchoma macho mnyama bado inawaka juu yake.

Homa ndiyo inayochekesha. Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe. Mwili wake una joto la jiwe alilolala au la jua lililompiga, kwa hiyo ukimgusa huwezi kusema ana homa, na kipimajoto kitakueleza zaidi habari za chumba kuliko za mgonjwa. Si kwamba reptilia hawana kabisa kitu kinachofanana na homa. Miaka ya 1970 huko Marekani, Matthew Kluger na wenzake waliwadunga bakteria mijusi wa jangwani aina ya iguana, na mijusi hao wakahamia sehemu zenye joto zaidi mpaka miili yao ikapanda nyuzijoto kadhaa juu ya kawaida. Walionyimwa nafasi ya kuota joto walikufa kwa wingi zaidi. Homa ya namna hiyo ni ya kuiendea kwa miguu. Ndiyo maana daktari wa reptilia huuliza habari za joto la sanduku kabla ya kuuliza kingine, na kobe mchanga aliyefumba macho kwenye chumba cha baridi anaweza kuwa amezubaa tu kwa sababu hajapata pa kuota.

Mwasho, nao, ni neno la anayesikia. Mtoto atasema macho yananiwasha. Kobe ataburuza jicho kwenye mguu wa mbele, mara moja, mara mbili, kisha atajikunyata ndani ya gamba. Kwa kuwa anafanya hivyo hivyo akiwa na mchanga ndani ya kope na akiwa hana chochote zaidi ya usingizi, ni lazima umtazame kwa muda. Wafugaji hulitumia neno mwasho kwa kila kitu na silioni baya, ilimradi lisiandikwe kwenye kadi kama vile ndilo jina la ugonjwa.

Uvimbe ndio unaobaki, na mimi nauchagua: uvimbe wa utando wa jicho. Najua lawama yake. Mtu akisikia uvimbe hufikiria saratani. Lakini Warumi nao walikuwa na neno moja kwa yote mawili, maana uvimbe wa Celsus kwa Kilatini ni tumor, na hawakukosa usingizi. Likitajwa pamoja na utando wa jicho, neno hilo halina pa kupotelea, na linataja dalili ambayo kobe anayo kweli.

Sasa huyo mchokozi. Katika sanduku la kobe mchanga wa Ulaya wapo wengi, ila mmoja, mwanga wa taa, unastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu umeleta istilahi yake mwenyewe, ndefu kuliko kobe: fotokeratokonjunktivitisi. Ikate vipande. Foto ni mwanga. Kerato imetoka kwenye neno la Kigiriki la pembe na hapa inamaanisha konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kipande cha mwisho tumeshakifungua. Kobe anahitaji miale ya urujuanimno ya aina ya UVB ili ngozi yake itengeneze vitamini D3, la sivyo gamba na mifupa huwa laini. Kwenye nchi za mawingu miale hiyo hutolewa na taa. Jua linalotufikia ardhini halina karibu chochote chini ya nanomita 290, kwa kuwa tabaka la ozoni limeshakichuja. Kiwandani hakuna ozoni. Ukikosea unga unaopakwa ndani ya balbu, miale mifupi inatoka. Ndivyo ilivyotokea katikati ya miaka ya 2000 kwa baadhi ya balbu ndogo za umbo la mzunguko. Frances Baines, daktari wa mifugo wa Uingereza, alizipima, na kufikia 2007 ilikuwa imejulikana kwa nini kobe na mijusi walikuwa wakifumba macho siku chache baada ya kufungiwa taa mpya. Taa ilipoondolewa, wengi wao walifumbua macho baada ya siku kadhaa.

Ugonjwa huo si mgeni kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wala wa Gikomba, Nairobi. Ndio ule unaompata fundi wa kuchomelea mageti asiyevaa kinga: mchana haoni tatizo, usiku macho yanajaa mchanga usiokuwepo na machozi hayakatiki. Kwa hiyo sioni haja ya kuwabebesha watu herufi zote zile. Jicho kuungua kwa mwanga linatosha, na lina faida ya kumtaja mkosaji. Hata taa nzuri huunguza ikiwekwa vibaya. Jua hutoka juu, na ukingo wa fuvu hulitilia jicho kivuli. Taa iliyoegeshwa ubavuni humpiga kobe moja kwa moja machoni, wala hana akili ya kugeuka kwa sababu hapo hapo ndipo penye joto.

Kobe wachanga wa Changuu, kile kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hawajui habari hizi. Wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanne, zawadi ya gavana, na jua lao ni la bure. Kobe kufumba macho kwa ajili ya taa ni ugonjwa wa nchi za baridi. Kwetu shida huanzia mahali pengine kabisa: kobe ni mnyamapori, na kumfuga uani bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani, Tanzania na Kenya pia.

Wachokozi wengine nawapitia haraka. Vumbi na mchanga mkavu, hasa kwa wanaodhani kila kobe ni wa jangwani. Wachanga wanahitaji udongo wenye unyevu na kuogeshwa kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu. Ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria wa jamii ya mikoplasma au na virusi vya hepesi, ambao huja na makamasi; hapo kweli mtenge, unaambukiza. Na ukosefu wa vitamini A. Huu umezoeleka mno midomoni mwa wafugaji. Kasa wadogo wa maji baridi wanaolishwa kamba wakavu au nyama tupu huikosa vitamini hiyo, tezi za machoni zikajaa seli ngumu na kope zikavimba kwa namna ya kutisha. Kobe anayekula majani ya kijani huitengeneza mwenyewe kutokana na karotini iliyomo, na mara nyingi hapungukiwi. Kumdunga sindano ya vitamini A kwa kubahatisha kumewahi kuwachubua kobe ngozi ya shingo na miguu ikabaki nyama tupu.

Upo pia wasiwasi usio na ugonjwa nyuma yake. Jicho la kobe huwa na majimaji, na mwenyewe husema analia. Kobe hana mfereji wa kupeleka machozi puani kama tulio nao sisi. Yakizidi humwagika juu ya kope na kukauka hewani. Jicho lililo wazi, linalong'aa, lenye unyevu kidogo, liache. Watu wa pwani wana hadithi kama hiyo kuhusu kasa anayelia akitaga mayai. Yule ana sababu nyingine: tezi za machoni mwake hutoa chumvi ya bahari, na hutoa hata asipotaga.

Kuhusu tiba nina matatu ya kusema, yote ya onyo. Usaha wa reptilia hautiririki. Hugandana ukawa kipande kigumu chini ya kope, na matone hupita juu yake bila kufanya kitu mpaka daktari akitoe. Usichukue dawa ya macho ya mtu iliyobaki kabatini, kwani baadhi zina deksamethasone, ambayo hupunguza uvimbe huku ikizuia kidonda cha konea kupona. Vilevile kwa wale wenye mbuzi na ng'ombe jirani na kobe: ivermectin, dawa ya minyoo inayosifiwa kwa kila mnyama, humuua kobe hata kwa kiasi kidogo.

Ukimpigia daktari simu, usimwambie kobe ana macho mekundu. Mwambie ni jicho moja au yote mawili, maana mwanga na lishe hushambulia yote, na mchanga aghalabu hushambulia moja. Mwambie kope lipi limevimba, kama pua ina makamasi, alikula lini mara ya mwisho, taa ni ya aina gani, ilifungwa lini na iko umbali gani kutoka mgongoni mwake. Kadi akiiandika konjunktivitisi, muulize imesababishwa na nini, na hilo jibu liandikwe mbele ya neno.