Sanamu ya Askari (Dar es Salaam)

Sanamu ya Askari ni sanamu ya bronzi iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania, kwenye kipilefti cha barabara ya Samora. Inaonyesha askari Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akisonga mbele na bunduki yenye singe, iliyoelekezwa upande wa bandari. Ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Miji ya Nairobi na Mombasa ina sanamu za aina hiyo pia.

Huyu si askari wa kwanza wa chuma mjini. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana na ambaye jeshi lake lilizima vita vya Abushiri huko Pangani. Chini ya miguu ya Wissmann aliwekwa askari Mwafrika akimtazama juu, huku akiifunika maiti ya simba kwa bendera ya Ujerumani. Baada ya vita Waingereza waliichukua. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968.

Katika sanamu ya 1927 askari yuko peke yake, hana bwana juu yake. Hata hivyo ni kumbukumbu ya upande mmoja, yaani waliopigania Uingereza, hasa askari wa Keya (King's African Rifles). Waafrika walipigana pande zote mbili. Mfano ni kisiwa cha Mafia, ambako Wajerumani walikuwa wamehamishia utawala wao Kilindoni kutoka Chole mwaka 1913. Januari 1915 askari wa Keya walishuka kisiwani na kupambana na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Kutoka Mafia ndege za Waingereza zilielekeza mizinga iliyoiangamiza manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai 1915.

Maandishi ya sanamu, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling, yanawataja pia wapagazi, ingawa hawaonekani katika umbo lenyewe. Wapagazi waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari. Jina lao limebaki Kariakoo, mtaa ulioitwa hivyo kutokana na matamshi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi hapo.