Safari ya Reli kwa Watu wa Nchi Isiyo na Reli

Kusafiri kwa garimoshi katika nchi ya milima ni mojawapo ya starehe njema anazoweza kuzipata kijana aliye shuleni. Garimoshi halina papara ya basi, wala halimrushi abiria huku na huku kama lori. Naye hukaa dirishani kwa utulivu, akaitazama nchi ikibadilika taratibu kutoka uwanda hadi mwinuko, na kutoka joto hadi baridi. Basi yamkini wewe msomaji, ambaye kwenu ni Kisii au Nyamira, umekwisha kuazimia kufanya safari ya namna hiyo katika likizo ijayo. Azma yako ni njema. Lakini mara uichukuapo ramani ya Kenya utakutana na jambo la kushangaza: nchi yako ni ya milima mitupu, tangu Manga hata Kiabonyoru, nayo haina reli hata hatua moja.

Kwa nini ikawa hivyo? Swali hili si dogo. Mtu akipanda garimoshi bila kujua njia ile ilijengwa na nani, na kwa ajili gani, ataona mabonde na maziwa, lakini hataelewa alichokiona. Kwa hiyo katika makala haya tutaipanga safari yako, na papo hapo tutaisimulia historia ya njia utakayoipita.

Yakupasa kujua kwanza kwamba reli ya kale haikukusudiwa nchi ya Kenya. Waingereza walikuwa wakiitazama Uganda, penye chimbuko la mto Nile, nao walitaka njia ya kupeleka watu na bidhaa huko kutoka bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1891 na 1892 Kapteni J. R. L. Macdonald aliongoza msafara wa kuipima njia. Kazi ya ujenzi ilianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Mahali hapo ndipo Kisumu.

Wanafunzi wengi hucheka wasikiapo kwamba njia hiyo iliitwa Reli ya Uganda, na hali iliishia Kenya. Jina hilo halikuwa kosa. Hata mwisho wa Machi 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilienea hadi karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo likahamishwa kwa kalamu, likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Maana yake ni kwamba babu zenu wa Gusii walihesabiwa katika karatasi kuwa watu wa Uganda, kisha wakahesabiwa kuwa watu wa Himaya nyingine, wala hapana aliyewauliza lolote.

Sasa utaona kwa nini reli haikupanda kwenu. Wajenzi walikuwa na haja ya kufika ziwani, ambako meli zingepokea mizigo na kuivusha hadi Uganda. Milima ya Gusii ilikuwa kusini ya njia yao, wala haikuwa shabaha ya safari yao. Tena, garimoshi ni mnyama mwenye nguvu lakini asiyependa kupanda. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na kwa kawaida wahandisi huona kuwa kupanda mita 2 katika kila mita 100 ni mwinuko mkali. Ukitazama jinsi vilima vya Kisii na Nyamira vilivyosongamana, na jinsi kila bonde lilivyo na kijito chake, utaelewa ni madaraja mangapi na michimbo mingapi ingalihitajiwa. Njia ya mwendo wa miguu hupanda na kushuka ipendavyo. Reli hulazimika kuzunguka.

Tuanze safari basi. Ukitoka mjini Kisii utashuka kwa barabara kupitia Oyugis, Sondu na Ahero hadi Kisumu, mwendo unaozidi kilomita 100. Na ukitoka Nyamira utashuka kwa upande wa Ikonge na Chabera. Usilale usingizi katika sehemu hii kwa kudhani kwamba safari yako haijaanza. Utakuwa unaviacha vilima vya migomba na chai, na kuingia katika uwanda wa Kano ulio tambarare kama mkeka.

Kumbuka pia kwamba zamani watu wa Gusii waliifikia reli kwa njia ya maji. Bidhaa zilichukuliwa hadi bandari ya Kendu, zikapakiwa melini na kupelekwa Kisumu. Njia hiyo ilipitisha vita pia. Mnamo Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka na kuingia mjini Kisii, askari wa King's African Rifles walitoka Kisumu kwa meli, wakashuka Kendu, wakapanda kwa miguu. Tarehe 12 Septemba pande mbili zilipigana Kisii, nao Wajerumani wakarudi nyuma. Hivyo hata nchi isiyo na reli ilivutwa katika mambo ya dunia kwa kuwa ilikuwa karibu na mwisho wa reli.

Kisumu pana kimo cha yapata mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Toka hapo utaanza kupanda, nawe utaisoma historia kinyumenyume, maana wajenzi walitoka baharini wakaja ziwani, na wewe unatoka ziwani kwenda kule walikotoka. Njia hupita Miwani, Kibigori, Chemelil na Muhoroni, nchi ya mashamba ya miwa. Upande wako wa kushoto utaona milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Itazame kwa makini. Wanandi walipinga reli na utawala ulioambatana nayo kwa miaka mingi. Walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, wakavitumia kwa mapambo na silaha. Upinzani huo ulivunjika tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa na Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Kisha Wanandi waliokaa karibu na njia ya reli walihamishwa, na ardhi yao ikapewa wageni. Ndiyo maana nasema, usiutazame uzuri wa mlima peke yake. Uliza pia ni nani aliyeondoka hapo.

Baada ya Muhoroni garimoshi huanza kupanda kwa jitihada. Utapita Koru, kisha Fort Ternan, ambapo Dakta Louis Leakey alipata mwaka 1961 mabaki ya kiumbe wa jamii ya nyani, aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Halafu utafika Kipkelion, kituo kilichoitwa zamani Lumbwa, na Londiani, hata ufike Mau Summit, kwenye kimo cha yapata mita 2,500. Katika mteremko huu, kati ya Mau na ziwa, yalijengwa madaraja marefu ya chuma 27, na vyuma vyake vilitoka Marekani. Hapa baridi ni kali. Kijana wa Nyamira ataizoea upesi, lakini hata yeye asisahau sweta yake.

Kutoka Mau njia hushuka kupitia Molo na Njoro hadi Nakuru, katika Bonde la Ufa. Hapa ndipo inapotengana na tawi lililojengwa katika miaka ya 1920 kwenda Eldoret na Uganda, ambalo hupanda Timboroa hadi zaidi ya mita 2,700. Wewe utaendelea kupita karibu na ziwa Elmenteita, kisha Gilgil na Naivasha, hata uuone mlima Longonot wenye kinywa cha volkano, uliofika mita 2,776. Watu wengi husema kwamba hakuna sehemu ya njia hii ipendezayo kuliko hii. Nayo ina habari yake. Mwaka 1904 Wamasai walifanywa waondoke katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi na viongozi wao pamoja na serikali ya kikoloni, ili walowezi wapewe mashamba karibu na reli. Reli iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, nao Waingereza walitaka mizigo ya kuilipa gharama hiyo. Waliona kwamba mizigo hiyo italetwa na walowezi, wala si na wenyeji wenye ng'ombe.

Mwisho utapanda ukingo wa mashariki wa bonde kwenda Limuru. Ukiwa dirishani, tafakari jinsi wajenzi walivyoshuka mahali hapa. Walipoona kwamba njia ya kudumu itachelewa, waliweka kwa muda reli zilizolala juu ya mteremko mkali, wakateremsha mabehewa kwa kamba nene za chuma. Behewa lililojaa likishuka, uzito wake ulilivuta jingine juu. Kwa njia hiyo vifaa vilifika bondeni, na kazi ikaendelea mbele huku njia ya kudumu ikitengenezwa nyuma.

Ukifika Nairobi, usirudi kabla ya kuizuru Makumbusho ya Reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambamo simba alimkamata na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall katika kituo cha Kima mwaka 1900. Habari za simba husimuliwa sana, lakini usiziache zifunike habari kubwa zaidi. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi. Waafrika waliochukua mizigo, waliofyeka msitu na waliochimba udongo hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo.

Sasa maneno machache ya matumizi. Kwanza, uliza kituoni habari za ratiba kabla hujafunga mzigo wako, kwa maana safari za abiria kati ya Kisumu na Nairobi zilisimama kwa miaka kadhaa, zikarejeshwa Desemba 2021 baada ya njia kutengenezwa, na siku za safari ni chache katika juma. Pili, kwa desturi ya miaka mingi gari la Kisumu limesafiri usiku. Ikiwa ndivyo litakavyokuwa siku yako, jua litakuchwea karibu na Kano na kukuchea mbele ya safari. Basi panga kurudi kwa basi mchana, upate kuiona Mau uliyoipita gizani. Tatu, jihadhari na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ambazo hubomoa njia. Nne, chukua ramani na daftari, uandike jina la kila kituo, maana majina ya vituo ni historia iliyofupishwa.

Utakaporudi nyumbani, huenda ukajiuliza: Je, Gusii ilipata hasara kwa kupitwa na reli, au ilipata faida? Wahenga walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kupitwa na reli kulikuwa na hasara yake: kahawa ambayo wakulima wa Kisii walianza kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, na pareto na chai zilizofuata, zilitegemea barabara za matope na nauli kubwa, na vijana walilazimika kwenda mbali kutafuta kazi ya mshahara. Lakini kulikuwa na nafuu pia: sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa wenyewe, tofauti na ilivyowapata majirani waliopitiwa na reli. Hata hivyo usidhani kwamba milima iliwakinga na kila baya. Kikosi cha Waingereza kiliwashambulia Abagusii mwaka 1905. Na mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote, akitiwa moyo na nabii Moraa, nyumba zilichomwa moto na ng'ombe wakachukuliwa. Utawala ulifika kwa miguu pale ambapo garimoshi halikufika.

Swali hilo si la zamani peke yake. Reli mpya ya kisasa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Mpango wa kuiendeleza hadi Kisumu na Malaba umeichora njia kupitia Narok, Bomet na Nyamira. Kwa hiyo yawezekana kwamba wewe usomaye maneno haya utakuwa mtu mzima siku garimoshi litakapopita katika nchi yenu. Siku hiyo itakupasa kuuliza yale ambayo babu zetu hawakupewa nafasi ya kuyauliza: kituo kitajengwa wapi, shamba la nani litakatwa, fidia itakuwa kiasi gani, na mkulima wa chai atapata nafuu gani katika nauli. Wanandi na Wamasai waliiona reli kabla ya kuelezwa habari zake. Wewe utaelezwa mapema, kwa kuwa umesoma. Basi nenda ukaitembelee njia ya kale, uitazame kwa macho yako, upate kujua la kusema njia mpya itakapofika.